Aliyegusa wa Mwisho

Gauthier alikuwa na vipaji viwili, na kulima hakukuwamo. Majirani zake wa makazi ya Mantapala, wakimbizi wenzake, walikuwa wakisimama kando ya shamba lake la mihogo na kutikisa vichwa kama watu waliokuja matangani. Kipaji cha kwanza kilikuwa mitandao ya kompyuta. Cha pili kilikuwa kulaumu. Kitu kikiharibika, kabla hakijapoa, yeye alikwisha kumpata mwenye kosa.

Redio ya nyumbani ilipokufa mwezi wa pili, alimwambia mkewe Débora kwamba ameiua yeye, kwa kuifuta vumbi na kitambaa chenye maji. Débora akasema kitambaa kilikuwa kikavu. Gauthier akasema hayo ndiyo maneno ya kila mtu aliyetumia kitambaa chenye maji. Tangu siku hiyo redio ilikaa juu ya kabati, bubu, na kila mume alipokuwa nyumbani Débora aliifuta mbele ya macho yake, polepole, kwa kitambaa kikavu, bila kusema neno.

Na kazi aliyopewa mtu huyu, kwa maana Mungu naye anajua utani, ilikuwa kufundisha watu kutafuta kosa. Kule Lubumbashi alikuwa fundi wa mitandao kwa miaka tisa. Akavuka mpaka na mke, watoto wawili na koleo moja la kubania nyaya. Mwaka wa kwanza koleo lilikaa kwenye begi, yeye akaenda kushona nyavu ufukweni mwa ziwa, huko Kashikishi, ili watoto wale. Halafu chuo kikuu kimoja kikafungua tawi Nchelenge, ukumbi mmoja nyuma ya ghala la samaki, wakahitaji mtu wa kuwafundisha wanafunzi kumi na wanne namna ya kujua mtandao umekatika wapi na kuuponya. Walimu wa mjini walifika, wakanusa, wakarudi na basi lile lile. Gauthier alikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Akaandikiwa barua ya kumruhusu kutoka kwenye makazi ya wakimbizi Jumatatu hadi Ijumaa, na barua hiyo aliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ile isemayo Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Aliona si vibaya kumkumbusha Bwana kwa maandishi.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Alitembea na mikono nyuma. Somo lilikuwa la Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, lakini mambo yakiwa magumu lilihamia Kiswahili cha Katanga, na wanafunzi wa ziwani, waliokijua Kiswahili cha kuuzia samaki tu, walifuata hivyo hivyo wakijikwaa.

"Mutandao haikufe bure," aliwaambia siku ya kwanza. "Inakufa juu ya kintu, kuko sababu. Na kila kintu iko na mutu nyuma yake."

Kwa hiyo aliwatungia fomu. Ilikuwa karatasi moja, mistari mitano: nini kimekufa, nini bado kinaishi, nini kilibadilika, nani aligusa wa mwisho, kimeponaje. Mstari wa nne ndio uliokuwa fahari yake. Mwanzoni wanafunzi walikuwa wakiandika hapo "panya", au "radi", na mmoja aliandika "shetani". Fomu zote hizo alizirudisha.

"Panya eko na jina gani?" aliuliza. "Alisoma wapi? Nendeni muulize batu. Kila mutu. Ata kama ni mukubwa, muulizeni. Mashine haijue kusema bongo. Mutu njo anasema bongo."

Wanafunzi waliandika maneno hayo kwenye madaftari, pamoja na maana ya bongo pembeni: uongo. Gauthier aliwaona wakiyaandika, na kichwa chake kikavimba kidogo. Ni vizuri kusema kwamba kilivimba, maana baadaye kilipasuka.

Mwezi wa sita ikaja barua kutoka makao makuu ya chuo. Mkaguzi anakuja siku ya Alhamisi, ataangalia somo moja tu, la vitendo, na mwisho wake ataandika kama somo liendelee au lifungwe. Gauthier aliisoma mara tatu. Somo likifungwa, barua ya kutoka haitaandikwa upya, na yeye atarudi kwenye mihogo, na mihogo ilikuwa inamngojea kwa hamu ya mahakama.

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, wanafunzi walipokwisha kuondoka, aliandaa ukumbi. Kwanza akatega kosa dogo kwa ajili ya kesho. Kompyuta ya sita aliibadilishia anwani yake, ili isiweze kuzungumza na wenzake. Wanafunzi walikuwa wamelipata kosa la namna hiyo mara tatu. Wangelipata tena kwa dakika kumi, mkaguzi angepiga makofi, na kila mtu angekunywa chai. Halafu akazima umeme ili kuokoa betri za sola, akafagia. Akapangusa meza. Akazipanga nyaya za swichi, kile kisanduku chenye matundu ishirini na manne kinachounganisha kompyuta zote, akazifunga mafungu mafungu kwa uzi wa nyavu. Waya mmoja ulikuwa umechomekwa upande mmoja tu, ncha yake ya pili ikining'inia chini ya meza.

Sasa, mtu aliyeshona nyavu Kashikishi mwaka mzima hawezi kuona kamba inaning'inia akapita. Wavuvi walimfokea kwa hilo hadi akaota. Ncha ya kamba ikiachwa ovyo ndani ya mtumbwi inashika mguu, na mguu unaifuata nanga majini. Kila ncha ina mahali pake. Mkono wa Gauthier uliishika ile ncha bila kumuuliza mwenyewe, ukaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi karibu. Ikaingia na mlio mdogo mtamu. Akatazama kazi yake, akaona ni njema sana, akaenda kulala kwenye chumba chake nyuma ya ukumbi.

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi. Aliitwa Madamu Suwilanji, mama mnene mwenye miwani na chupa yake mwenyewe ya chai, mzaliwa wa Nakonde, mpakani na Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, tena kilichonyooka kuliko cha mwenyeji wake.

"Endeleeni kama kawaida, Mwalimu," alisema, akaketi nyuma. "Mimi sipo."

Gauthier akawasha umeme. Kompyuta kumi na nne zikaamka. Darasa lake lilikuwa na desturi ya kuanza kwa hodi. Kila kompyuta inatuma ujumbe mdogo wa kubisha hodi kwa jirani, na jirani anaitika karibu. Wanafunzi wakabisha. Hakuna aliyeitikiwa. Wakabisha tena. Si kompyuta ya sita peke yake iliyonyamaza, ni zote.

Jasho jembamba likamtoka Gauthier. Lakini ulimi wake haukukauka, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake.

"Ni munara," alisema, akaelekeza kidole dirishani, kwenye mnara wa simu. "Bale batu ba munara, kila Alhamisi njo hivi."

Chisomo, kijana wa Puta ambaye baba yake ni mvuvi, akainua mkono. "Mwalimu, sori. Munara iko mbali. Mimi haioni hata komputa ya huyu hapa, na tunakaa kiti moja."

"Alors ni batri. Jua ya jana ilikuwa kidogo."

"Taa zote ziko zinawaka, Mwalimu," alisema Keren kutoka mbele. Keren alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, naye wa Mantapala, mwenye sauti ndogo na daftari lisilo na doa.

"Basi ni Ba Patson."

Ba Patson, mlinzi wa ukumbi, mzee aliyeacha uvuvi kwa sababu ya mgongo, alikuwa amesimama mlangoni akitazama tu. "Awe mukwai, ba ticha," alikataa kwa upole kwa lugha ya kwao. "Mimi nafagia inje. Ndani ulifagia weye."

Wanafunzi wawili wakainamisha nyuso. Madamu Suwilanji akaandika kitu. Gauthier aliusikia wino ukitembea kwenye karatasi, na katika kila herufi aliona shina la muhogo. Kidole chake cha shahada bado kilikuwa hewani kikitafuta mtu wa kumwelekea, na alikishusha kwa shida.

Keren akasimama. "Mwalimu, tunaweza kuanza fomu?"

Hakungoja sana jibu. Akagawa kazi kwa sauti ile ile ndogo. Mstari wa kwanza, kimekufa nini: mazungumzo ya kompyuta zote. Wa pili, kinaishi nini: umeme, kompyuta zenyewe, swichi. Basi ugonjwa uko pale ambapo wote wanakutana. Akachuchumaa mbele ya swichi, akatazama vitaa vyake vya kijani.

"Chisomo, kuya uone. Siku zingine kila taa inapepesa kivyake."

Siku zingine vilikuwa vinapepesa kimoja kimoja, kama watu wanaozungumza kwa zamu. Siku hiyo vilikuwa vinapepesa vyote kwa pamoja, haraka haraka, kama soko lililokamata mwizi.

"Iko inasema mingi sana," alisema Chisomo.

"Tuchomoe waya moja moja," alisema Keren.

Wakachomoa waya mmoja mmoja na kuurudisha, wakitazama vitaa kila mara. Wa kwanza, kelele ile ile. Wa tano, kelele ile ile. Gauthier alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, si kwa madaha tena, bali kukizuia kile kidole. Walipochomoa wa kumi na moja, vitaa vikatulia. Wanafunzi wakabisha hodi, na kompyuta zikaanza kuitika karibu, karibu, karibu, ukumbi mzima, isipokuwa ya sita.

Keren akaufuata ule waya kwa vidole kupitia katikati ya mafungu yaliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Ulitoka kwenye swichi, ukashuka chini ya meza, ukapanda, ukarudi kwenye swichi ile ile.

"Ncha zote mbili ziko kwa kisanduku moja," aliwaeleza wenzake. "Ujumbe inatoka kwa huku, inaingia kwa huku, inatoka tena. Haichoke. Inazunguka mpaka bengine bote banakosa njia."

Dakika thelathini na nane zilikuwa zimepita. Gauthier aliutazama ule waya mkononi mwa binti, na mkono wake mwenyewe ulikumbuka kabla ya kichwa. Ulikumbuka hata ule mlio mtamu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema Waswahili, lakini hawasemi mtu afanye nini akikuta kinachomla ni mkono wake mwenyewe.

Wanafunzi wakaingia mstari wa nne. Walimuuliza Ba Patson, rasmi, wakaandika jibu lake. Wakaulizana wao kwa wao, mmoja mmoja. Chisomo, kwa heshima kubwa na akiwa amepiga goti nusu, alimuuliza hata Madamu Suwilanji kama alipoingia alishika kitu. Madamu akajibu kwamba alishika chupa yake ya chai tu. Waliuliza kila mtu aliyekuwemo ndani ya kuta zile nne, na kila walipompita Gauthier waliinama kidogo na kusema samahani, kama watu wanaopita mbele ya madhabahu.

Madamu Suwilanji akasimama, akavua miwani.

"Mwalimu, hongera. Umewatega barabara. Wengine wakisikia mkaguzi anakuja hutega kosa la kitoto, anwani moja imebadilishwa, basi. Wewe umewaulia mtandao mzima. Na ule mchezo wa kusingizia mnara na betri ili uwapoteze, mimi mwenyewe niliamini."

Hapa ilitakiwa mwalimu wa kweli aseme kweli. Gauthier alikohoa, akatazama viatu vyake, akatabasamu tabasamu la mtu mnyenyekevu.

"Nilijaribu kidogo, Madamu," alisema.

Alipokuwa akisimulia mkasa huu baadaye, na aliusimulia kwa kila aliyekubali kuketi, hapa ndipo alipojipiga kofi usoni. Maana ilikuwa rahisi mno. Neno moja, na barua ya Zaburi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Akawageukia wanafunzi wake ili washangilie pamoja naye.

Hakuna aliyeshangilia. Watu kumi na wanne walikuwa wanatazama mahali pengine: ukuta, dari, kucha zao. Keren akamjia na fomu, akaishika kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima kitu.

"Mwalimu, ile kosa yenye ulipanga tuliiona pia," alisema chinichini, ili mkaguzi asisikie. "Komputa ya sita, anwani. Chisomo ameitengeneza. Mustari ya ine njo ingali wazi. Tuliuliza batu bote. Kunabakia mutu moja, na ule hatukujua namna gani ya kumuuliza."

Hakuinua macho. Akamwekea kalamu juu ya karatasi.

Kwa hiyo walijua. Walijua kosa la kutegwa ni lipi, na kwa hesabu ya kujumlisha tu walijua hili kubwa ni la nani. Walikuwa tayari kunyamaza kwa ajili yake. Heshima waliyofundishwa nyumbani kwao iliwatosha kwa hilo. Akiandika "jaribio la mwalimu", wangekunja fomu, wangekunywa chai, na wangeondoka wakijua kwamba mstari wa nne umewekwa kwa ajili ya walinzi na wafagiaji. Gauthier aliona haya. Si haya ya kumfanya mtu acheke, ni ile inayochoma masikio. Aliogopa pia, aliogopa sana, kwa sababu shamba lake alilijua. Akaichukua kalamu.

Aliandika: Gauthier Mwamba, mwalimu. Jumatano jioni. Hakukusudia, alikuwa anapanga vizuri. Alipoulizwa alisingizia mnara, betri na Ba Patson.

Halafu akatembea hadi nyuma ya ukumbi, akampa Madamu Suwilanji ile karatasi.

"Madamu, sikubatega hawa. Ile nilipanga ni ya kitoto, anwani moja, vile vile ulisema. Hii ingine nilijitega mimi mwenyewe. Na saa ulinisifu, nilikudanganya."

Mkaguzi alivaa miwani yake, akasoma fomu nzima, mistari yote mitano, bila haraka. Akairudia. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa. Ba Patson, mlangoni, alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Mwaka huu nimetembelea vituo saba," alisema mwishowe. "Kila kituo mtandao ulikufa siku niliyofika. Nikiuliza, naambiwa panya. Kituo kimoja waliniletea panya mwenyewe, alikuwa amekufa zamani. Hii ni mara ya kwanza kuona jina la mtu." Akaikunja fomu. "Hii nakwenda nayo."

Kwenye karatasi yake ya ukaguzi aliandika maneno machache, akampa atie sahihi. Yalisema somo liendelee. Chini yake, kwenye nafasi ya mapendekezo, yalisema: mwalimu asipange nyaya.

Gauthier akatia sahihi. Kisha akaenda mlangoni kumwomba radhi Ba Patson, na Ba Patson akasema si kitu, ba ticha, hata mtumbwini, wenye kelele nyingi ndio wanaokanyaga kamba.

Ijumaa jioni alikuwa nyumbani Mantapala. Débora alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, na yeye aliketi kwenye kibao karibu na moto akamsimulia yote, kidole dirishani, mzee aliyefagia nje, panya aliyekufa zamani. Hakujipunguzia kitu. Débora alicheka hadi akauweka mwiko chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Gauthier naye alicheka. Aliona amekuwa mtu mpya, na jambo la kuwa mtu mpya halikuuma kama alivyodhani.

Débora alipomaliza kucheka aliingia ndani. Alirudi na redio mkono mmoja na kikombe cha bati mkono wa pili, akaviweka mbele ya mumewe.

"Ile fomu yako," alisema, "unabakia nayo ingine?"

Gauthier alicheka tena, lakini safari hii kidogo. Ndani ya kikombe kulikuwa na skrubu moja ndogo, nyeusi. Aliitazama, na jambo moja likaanza kumrudia polepole: Jumapili moja ya mwezi wa pili, kwaya ilikuwa inakuja kufanya mazoezi kwake, na yeye akaifungua redio ili aiongezee sauti. Alipoifunga, skrubu moja ilibaki. Aliigeuza geuza, akaona haina kazi, akaitia mfukoni.

"Niliiokota kwa suruali yako nikifua," alisema Débora. "Ile juma yenye redio ilikufa."

"Miezi yote hii ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Débora alichukua mwiko, akaendelea kusonga.

"Haukuniuliza, baba Méschac. Uliniambia tu."

Bukari ilikuwa karibu kuiva. Gauthier aliinuka, akaenda kwenye begi, akatoa fomu moja safi na kalamu, akarudi kuketi karibu na moto. Mistari mitatu ya juu aliiacha kwanza, akaanza na wa nne.